Lori Linalolala Kushoto

Ninyi vijana mnaoshika spana pale Kyumbi, mkipata nafasi kati ya gari moja na jingine, someni haya. Najua hampendi kusoma. Hata mimi sikupenda. Lakini mgongo umekataa kuinama, macho yamepungua, na kitu pekee kilichobaki kufanya kazi sawasawa kwangu ni mdomo, nao mmeshaanza kuukwepa. Nikifika gereji mnanikaribisha vizuri, mnanigeuzia kreti ya soda nikalie, mnaniita mzee, kisha mnaongeza sauti ya redio. Basi nimeamua kuandika.

Karibu maisha yangu yote ya kazi nimetengeneza springi za malori. Wenzangu walipenda injini, kwa sababu injini ikinguruma kila mtu anajua umefanya kazi. Springi haina sifa. Ni vyuma virefu vilivyopindwa kidogo, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja, na kila chuma tunakiita jani. Inakaa huko chini kwenye tope na mavi ya ng'ombe, na hakuna mwenye gari anayeikumbuka mpaka siku lori linapoanza kuinama upande mmoja kama mtu anayeumwa na jino.

Na likiinama, mnafanya nini? Mnaongeza jani. Msibishe, nimewaona. Mteja anafika anasema gari linalala kushoto, unachungulia ukiwa umesimama, unafungua springi ya kushoto, unaingiza jani, lori linanyooka, mteja anacheka, anaenda zake. Sisemi jani ni baya. Kwa barabara zetu na mchanga tunaobeba, hata mimi nimeongeza majani mengi. Nasema hujajua ugonjwa na tayari umeshatoa dawa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Musyimi, mtu mfupi, mkali, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likichoma. Gereji yake ilikuwa kwenye mteremko, na Machakos mnaijua, pahali tambarare ni pa kutafutwa. Kwa hiyo kila lori lililoingia pale lilionekana limeinama, hata jipya. Mwezi wangu wa kwanza nilimwonyesha malori kadhaa yenye shida ambayo hayakuwa na shida yoyote ila kuegeshwa kwetu. Aliniacha tu nihangaike. Kisha siku moja akapanda lori nililokuwa nimelihukumu, akaliendesha mpaka kwenye uwanja wa kanisa uliomwagwa saruji, akaniambia nishuke nilitazame tena. Lilikuwa limesimama wima kabisa.

Tangu siku hiyo lori lililoinama lilipimwa kanisani. Katekista alilalamika kuhusu matone ya oili, na Musyimi akawa anamtengenezea wilbaro yake bure ili anyamaze. Nadhani ile wilbaro ndiyo iliyotunzwa vizuri kuliko zote katika kaunti hii.

Lori likishafika pahali sawa, liwe tupu. Mwambie dereva atoe hata koleo, kamba na ile mitungi ya maji anayojifanya amesahau. Lisukume mbele kidogo na nyuma kidogo, springi zikae zilivyozoea kukaa. Halafu kata fimbo. Musyimi hakupenda tepu. Aliisimamisha fimbo katikati ya gurudumu, akaipandisha mpaka kwenye chasisi, akaikata alama kwa kisu, kisha akaipeleka upande wa pili. Fimbo ikipita alama au isipoifikia, hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Kabla ya hapo ni kelele.

Na kabla hujagusa springi, tazama tairi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi pale mjini, Msomali mmoja mpole sana, tukimwita Haji. Lori lake lililala kulia, na mimi, nikiwa najiona fundi sasa, nilimfungulia springi mara ya kwanza, na ya pili, nikazirudisha, na lori likalala vilevile. Musyimi akaja, akapiga magoti, akashika tairi za nyuma moja moja kwa kiganja. Upande mmoja Haji alikuwa amefungiwa tairi za saizi nyingine, fupi kidogo. Haji alicheka mpaka akashika lango la gereji asianguke. Mimi sikucheka. Lakini siku ile nilijifunza kwamba lori linasimama juu ya vitu vingi, na springi ni kimoja tu.

Jambo jingine ambalo sioni mkilifanya. Lori likilala nyuma kushoto, usiamini haraka kwamba shida iko nyuma kushoto. Inaweza kuwa mbele kulia inalisukuma. Weka jeki mbele, katikati ya ekseli, liinue kidogo hapo tu, kisha rudi nyuma upime tena. Likinyooka, shida iko mbele. Likibaki limelala, endelea kutafuta nyuma. Tafuta jani lililokatika. Utaliona kwa mstari mwembamba wa kutu. Tikisa bushi, zile pete za kwenye ncha za springi, kwa mtaimbo. Angalia ile bolti ya katikati inayoshika majani pamoja, kwa maana ikikatika ekseli huhama, na lori huenda barabarani likitembea kiubavu kama mbwa.

Ukimaliza yote hayo na bado hujui, kuna kipimo cha mwisho. Ni kazi nzito na ndiyo maana hamkifanyi. Toa springi zote mbili za nyuma, uzibadilishe upande. Ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Lori likihamia kulala kulia, ugonjwa umehama na springi, kwa hiyo ni springi, nunua nyingine. Likibaki kulala kushoto, springi hazina makosa. Chasisi ndiyo imepinda au imepasuka, na hiyo ndiyo mifupa ya lori. Hapo unamwita mwenye gari mkae chini.

Mimi nimewahi kumkalisha chini mdogo wangu.

Kioko ni ndugu yangu wa tumbo moja. Kwa miaka mingi aliendesha malori ya watu, akichota mchanga kwenye mito ya huko Kithyoko na kuuleta kwa wanaojenga. Mwisho akachoka kuwa dereva wa watu. Akauza sehemu yake ya shamba aliloachiwa na baba, akanunua lori lililokwisha tumika kwenye yadi moja kando ya barabara kuu. Hakunishauri, na si kwa dharau. Alitaka nilione limekuja. Alifika kwangu akipiga honi kutoka mbali, lori jeupe, limeoshwa, na watoto wake wamejaa nyuma. Nililizunguka nikalisifu. Lilisimama wima. Nami nilikuwa nimeshastaafu, nimevaa shati safi, na siku ya namna hiyo huwezi kuingia chini ya gari la ndugu yako mbele ya watoto wake.

Safari ya kwanza ya mchanga lilirudi limelala kushoto.

Tulilipeleka palepale kwenye saruji ya kanisa, sisi wawili tu. Nilitandika gunia nikalala chini. Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kuhesabu majani. Springi ya kushoto ilikuwa na jani moja zaidi ya kulia, na lile jani lilikuwa jipya kuliko wenzake. Nilipomwambia Kioko, uso wake ulichangamka.

"Si hiyo ni nzuri?" akasema. "Wameniwekea ya ziada."

Mtu haongezi jani upande mmoja kwa ukarimu. Anaongeza ili lori likiwa tupu kwenye yadi, limeoshwa, lionekane limesimama. Mzigo ukipanda, ukweli unashuka. Nililitoa lile jani, na lori likazama kushoto hapohapo, tupu, bila hata kokoto moja juu yake. Nikapima tairi, zilikuwa sawa. Nikaweka jeki mbele katikati, likabaki limelala. Bushi zilikuwa nzima. Kikabaki kipimo kile.

Nilimweleza Kioko kama nilivyowaeleza ninyi. Nikamwambia aombe lori lihamie kulala kulia, maana likihama tutanunua springi na Jumatatu atakuwa mtoni. Alivua kofia akaiweka juu ya ukuta. Tulifanya kazi hiyo mchana kutwa, wazee wawili tukigonga bolti zenye kutu, yeye akishika pale nilipokosa nguvu, nami nikimwonyesha pale alipokosa ujuzi. Nasema ukweli, kwa muda fulani nilifurahi. Hatukuwa tumefanya kazi pamoja hivyo tangu tukilima kwa baba.

Tulipomaliza, mimi nikaanza kushusha jeki, na Kioko akaenda nyuma ya lori, akachuchumaa ili macho yake yawe sawa na bodi. Nilimsikia akilisemesha kwa sauti ya chini, vile mtu anavyomsemesha ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Lala kulia, alikuwa akisema. Lala kulia tu. Jeki ikashuka mpaka mwisho, springi zikalia, lori likatulia.

Lilikuwa limelala kushoto.

Baada ya hapo nilijua pa kutazama. Karibu na pale springi ya kushoto inaposhikana na chasisi, upande wa ndani, kulikuwa na rangi nyeusi mpya. Mkumbuke hili: hakuna anayepaka rangi chini ya lori ili lipendeze. Nilikwangua kwa kisu nikakuta bamba limechomelewa. Ncha zake zilikatwa wima kama ubao wa dirisha. Musyimi alinifundisha kwamba ukilazimika kuweka bamba kwenye chasisi, ulikate kwa mshazari, ncha zichongoke, maana ukikata wima nguvu yote hukusanyika kwenye ule mstari na chuma hupasuka pembeni pake. Na kilikuwa kimepasuka. Ufa ulitoka chini ya bamba ukapanda juu, mwembamba, wenye rangi ya kutu, karibu kufika ukingoni.

Nilimfanya Kioko alale kwenye gunia auguse mwenyewe. Alipotoka aliuliza swali ambalo kila mwenye gari huuliza.

"Hakuna namna?"

"Namna iko," nikamwambia. "Utafute chasisi nzima ya lori ingine. Ama ubebe vitu nyepesi. Mchanga usibebe tena na hii."

"Na mchanga ndio kazi iko."

Chasisi nzima ingetaka shamba jingine, na shamba jingine hakuna. Tulirudi kwenye ile yadi kuwatafuta waliomuuzia, tukakuta watu wengine wanauza matangi ya maji. Walituonea huruma wakatupa viti. Simu ya yule muuzaji haikupatikana siku ile, na haijapatikana mpaka leo.

Kwa majuma kadhaa Kioko hakuja kwangu. Kisha nikaliona lori likipita Kyumbi, limepakwa rangi ya samawati, limesimama wima. Nilijua kwamba jani limerudishwa, na nilijua limerudishwa wapi, kwa sababu hakuna gereji nyingine njia ile. Ni mmoja wenu. Simtaji, wala simchukii; aliambiwa ongeza jani, akaongeza. Nilidhani ndugu yangu ameamua kubeba mchanga na kufa nao. Nikaenda kwake nikiwa na hofu hiyo, na mke wake akanipa chai, na Kioko akaniambia hapana, habebi tena mchanga. Amemuuzia lori mtu wa Ekalakala.

Mjue Kioko ni mtu wa namna gani. Ni yeye anayesoma maombi kanisani. Akikuta mbuzi wa jirani kwenye mahindi yake anamrudisha kwa kamba, bila matusi. Nilimuuliza kama amemwambia huyo mtu kuhusu ufa. Alitazama kikombe chake.

"Aliyeniuzia hakuniambia," akasema. "Nimeuza shamba, mwanaa-mwaitu. Shamba hairudi."

Mwanaa-mwaitu ni mtoto wa mama yangu. Huniita hivyo tu wakati wa msiba. Nilimwambia mtu atakufa. Akasema labda hatakufa. Na kwa hilo sikuweza kumshinda, kwa maana nimeona chasisi zenye ufa zikitembea miaka, na nimeona nyingine zikikatika mlimani juma lilelile. Chuma hakimwambii mtu siku yake. Nilimwomba namba ya mnunuzi akakataa. Niliondoka bila kumaliza chai, na tangu siku hiyo tunasalimiana kanisani kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Nikasikia baadaye kwamba yule mnunuzi hakuwa mjinga. Kabla ya kulipa alilipitisha pale kwenu akaomba fundi alitazame. Mmoja wenu akalizunguka, simu mkononi, akamwambia liko poa, limesimama. Kama ni wewe unayesoma, hujambo? Lilikuwa limesimama kweli. Kuhesabu majani ya pande mbili kungekuchukua muda mfupi kuliko kutafuta wimbo kwenye hiyo simu.

Nilikwenda Ekalakala. Kwa umri wangu safari ile si ndogo, na sikuwa na jina wala namba, lakini lori la samawati lililonunuliwa karibuni halifichiki kwenye soko dogo. Mwenye duka la mbegu alinielekeza. Nililikuta uani, limeegeshwa karibu na jiko, na kwenye vioo vyake vya pembeni yalikuwa yamefungwa maua yaliyokwisha kunyauka. Walikuwa wameliombea. Mnunuzi alikuwa kijana anayeitwa Muli, umri wenu, mwenye heshima, anaishi na mama yake mjane. Alipanga kubeba maembe msimu ukifika, na kwa sasa alikuwa amepata kazi ya kupeleka mchanga kwenye shule inayojengwa.

Mama alinikaribisha kwa muthokoi, nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya na kwa sababu sikujua nianzie wapi. Alipoingia jikoni nilimwambia Muli. Nilimwambia yote, na kwamba aliyemuuzia ni ndugu yangu. Kisha nikamwomba gunia. Nilimfanya alale chini kama nilivyomfanya Kioko, nikamwelekeza mkono wake kwenye rangi mpya, kwenye bamba, kwenye ncha iliyokatwa wima, na pale juu yake. Alikaa huko chini muda mrefu. Nilikuwa naona viatu vyake tu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilidhani atanishika shati. Nilidhani ataniambia twende kwa Kioko sasa hivi, nami ningekwenda naye, ningesimama upande wake mbele ya ndugu yangu. Nilikuja kwa ajili hiyo. Muli alitoka, akajipangusa vumbi magotini, akatazama mlango wa jiko, kisha akanisogelea.

"Mzee," akasema, "hapa Ekalakala umeambia nani mwingine?"

Nikamwambia sijamwambia mtu.

"Basi usiambie mtu. Hata mama. Nipe tu muda kidogo, niko na mtu wa Kitui alikuwa ananiuliza kama nauza."

Nilikaa pale kwenye kiti cha mama yake. Nimetengeneza malori miaka mingi, na siku ile ndiyo niliyoona ufa umefika wapi. Haukuwa kwenye chuma tu. Ulimpitia yule wa yadi, ukampitia ndugu yangu anayesoma maombi, ukampitia na mtoto huyu mwenye heshima, na kila mmoja alipougusa kwa kidole chake jambo la kwanza alilofikiria lilikuwa nani atakayefuata. Sikumwahidi Muli kitu. Nilijaribu kumweleza habari ya chasisi nzima na mizigo myepesi, naye akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama ninyi mnavyoitikia.

Mama akatoka akiwa na papai kubwa amelifunga kwenye mfuko. Alikuwa ameelewa kwamba mimi ni fundi na nimekuja kulitazama lori.

"Fundi amesema iko aje?" akamuuliza mwanawe.

Nilifungua mdomo. Muli alinitangulia.

"Anasema ni gari nzuri, mwaitu. Imesimama."

Nilimwambia yule mama kwamba si kweli, kwamba lori lina ufa na lisibebe mchanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole kwamba wameshaliombea. Akanipa papai. Muli alinipeleka kituoni kwa pikipiki yake.

Nilipopiga simu kwa yule mwenye duka la mbegu mwezi uliofuata, aliniambia lori halipo. Hakujua limekwenda Kitui au wapi, wala limepakwa rangi gani. Kwa hiyo sina cha kuwapa cha kulitambua, ila hiki: springi ya nyuma kushoto ina jani moja zaidi. Litakuja kwenu siku moja, limeoshwa, limesimama wima, na mwenye kulileta atakuwa na haraka. Zimeni redio. Tandikeni gunia.